Sura ya Saba: Mizani ya Januari

"Nimeongeza kilo nne. Nifanyeje zitoke?"

Swali hili huanza kuulizwa wiki ya kwanza ya Januari, mabasi yanapowarudisha watu mjini, na huendelea mpaka shule zinapofunguliwa na ada kuanza kuumiza vichwa kuliko vitambi. Nimeulizwa na dereva, nimeulizwa na mwalimu, nimeulizwa na shangazi yangu mwenyewe. Wote huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama.

Mwaka mmoja nilimwona dada mmoja kwenye kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar es Salaam. Alikuwa ameshuka na basi la Moshi, begi mgongoni, kiroba cha ndizi miguuni. Pembeni yake alisimama kijana mwenye mashine ya kupima uzito na urefu, zile zinazotangaza kilo zako kwa sauti mpaka wapita njia wasikie. Dada akalipa, akavua viatu, akapanda. Mashine ikatamka. Akashuka, akampa mdogo wake pochi na simu, akapanda tena. Mashine ikarudia kilekile.

"Kilo nne! Wiki mbili tu!" akamwambia mdogo wake. "Mimi kuanzia kesho sili."

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya dada yule, hasa kwa sababu ya lile neno lake la mwisho. Kilo zile nne kwa sehemu kubwa zingeondoka zenyewe. Kile alichopanga kufanya kesho yake ndicho kilichonitia wasiwasi.

Kilo nne zimetoka wapi?

Tuanze na hesabu, maana hesabu hii peke yake imewatuliza watu wengi niliowafanyia. Nguvu iliyomo kwenye chakula hupimwa kwa kalori, kama umeme wa nyumbani unavyopimwa kwa uniti. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu ya pombe ina 7, gramu ya mafuta ina 9. Mwili ukipata kalori nyingi kuliko unazotumia, zinazobaki huwekwa akiba kama mafuta, na kilo moja ya akiba hiyo ni kalori zipatazo 7,700.

Kwa hiyo, ili dada yule aongeze kilo nne za mafuta halisi, ilibidi ale zaidi ya kalori 30,000 juu ya zile anazohitaji. Tuseme chapati moja nono ina kalori 300. Hizo ni chapati zaidi ya mia moja, saba kila siku kwa wiki mbili, na zote ziwe nyongeza baada ya kushiba chakula chake cha kawaida. Hata kwa ukarimu wa akina mama zetu, hilo ni gumu.

Basi mizani ilipandishwa na nini? Na maji, zaidi ya kitu kingine chochote.

Fikiria chumvi ya wiki mbili zile: supu ya asubuhi, nyama choma inayochovywa kwenye chumvi na pilipili, pilau, chipsi, karanga za kukaanga. Mwili haukubali chumvi izidi kwenye damu, kwa hiyo hushikilia maji ya kuizimua. Ukitaka kujua ni maji kiasi gani, kumbuka dripu ya maji ya chumvi wanayotundikiwa wagonjwa. Lita moja ya dripu ile ina gramu 9 za chumvi, kipimo kilichowekwa ili ilingane na maji ya mwilini. Maana yake ni kwamba gramu 9 za chumvi zikibaki mwilini, zinaweza kushikilia karibu lita nzima ya maji, na lita ya maji ni kilo moja. Ndiyo maana pete inabana na kope zinaamka zimevimba. (Kukaa saa nyingi kwenye kiti cha basi nako huvimbisha miguu, kwa hiyo kujipima pale pale kituoni ni kujionea.)

Halafu kuna wanga. Ukila wali, ndizi, viazi au sukari, mwili huweka sehemu yake kwenye ini na misuli kama glaikojeni, yaani ghala dogo la sukari ya matumizi ya karibu. Kwa mtu mzima ghala hilo likijaa hubeba karibu nusu kilo, na kila gramu hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Wiki ya sikukuu ghala halipati nafasi ya kupungua. Na mwisho kuna chakula chenyewe, kilichomo tumboni na kwenye utumbo, ambacho nacho kina uzito wake na bado kiko safarini.

Kwa ufupi: usiiamini mizani ya siku za kwanza. Rudi kwenye milo yako ya kawaida, subiri siku saba hadi kumi, ndipo ujipime. Tumia mizani ileile, asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Kinachobaki hapo ndicho cha kushughulikia.

Nusu kilo isiyoondoka

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati wa sikukuu na baada yake. Kwa wastani, uzito uliobaki baada ya msimu kuisha haukufika hata nusu kilo. Wenyewe walidhani wameongeza mara nne ya hapo.

Mpaka hapa ni faraja. Lakini watu wale walipofuatiliwa miezi iliyofuata, ile nusu kilo kasoro haikuwa imetoka. Ilibaki, ikangoja Krismasi nyingine. Piga hesabu ya Krismasi kumi na utaelewa kwa nini suti ya harusi haifungi.

Marekani si Rombo wala Bukoba, nalijua hilo. Ila uzito kwetu nao umekuwa ukipanda kidogo kidogo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010, wanawake 22 katika kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Katika ule wa 2015-16 walifika 28. Hakuna aliyenenepa hivyo kwa siku moja ya pilau. Tunanenepa kwa yale yanayobaki nyumbani wageni wakishaondoka.

Kwangu mimi kilichobaki kilikuwa kreti la soda. Tulilinunua tarehe 23 Desemba kwa ajili ya wageni. Wageni wakaondoka, kreti likabaki nusu kwenye kona ya jikoni, na kwa kuwa chupa tupu lazima zirudi dukani, tukaona tulimalize. Chupa moja kila mlo wa mchana, tukigawana na watoto. Tarehe 10 Januari kreti lilikuwa limesharudi dukani, meza imeandaliwa, ugali na maharage, na mwanangu wa miaka sita akasukuma sahani akauliza, "Baba, soda yangu iko wapi?"

Hakuwa anadeka. Kwa akili yake, chakula cha mchana sasa huja na soda, na sisi ndio tuliomfundisha hivyo kwa siku kumi na nane tu. Chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, ambazo ni kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zetu, na ingefaa zaidi ishuke hadi gramu 25 hivi kwa siku, kwa mtu mzima. Chupa moja imeshavuka kiwango hicho, na aliyekuwa akiidai ni mtoto.

Pitisha macho nyumbani kwako. Pengine hamna soda, bali chapati za kila asubuhi mahali palipokuwa na viazi vya kuchemsha. Pengine ni bia mbili za jioni zilizoanza kwa kumkaribisha shemeji, na chupa ya nusu lita ina karibu kalori 200. Pengine ni kulala saa nane usiku. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa kuliko ya kawaida, na njaa hiyo hutaka vitu vitamu na vya mafuta. Mazoea ni mgeni ambaye hakuaga, na huyo ndiye wa kushughulika naye.

Adhabu tatu tunazojipa

Watu wengi wakishajiona wamekosa, hujiadhibu. Nimeziona adhabu tatu zaidi ya nyingine.

Ya kwanza ni ile ya dada wa Mbezi: kutokula. Asubuhi chai kavu, mchana pasi ndefu, na mtu hujisifu mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa mbili usiku yuko jikoni anakula amesimama, moja kwa moja kutoka sufuriani, kwa mwiko. Njaa ya siku nzima haitulizwi na sahani ndogo. Kesho yake anajilaumu, anafunga tena, na usiku sufuria inamwita. Sisemi juu ya kufunga kwa ibada, ambako kuna nia, kuna muda na kuna futari iliyopangwa. Watu wengi wa pwani huniambia kwamba zile siku sita za Shawwal baada ya Idi ndizo zinazowatoa kwenye kaimati na biriani na kuwarudisha taratibu kwenye utaratibu wao. Ninayoisema ni njaa ya hasira.

Ya pili ni chai za "kusafisha mwili". Nyingi, ukisoma pakiti yake, zina sanamaki, mmea ambao bibi zetu waliujua vizuri kama dawa ya choo kigumu. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, mwisho wa safari. Kalori zimekwisha kufyonzwa kabla ya hapo, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji, pamoja na madini kama potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Mizani itashuka, na ukinywa maji itapanda. Kazi ya kusafisha mwili ina wenyewe: figo zako huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kila siku na kuyarudisha karibu yote, na ini halipumzishi zamu. Haviombi chai. Vinaomba upunguze mzigo.

Ya tatu ni mazoezi ya ghafla. Mtu ambaye Desemba yote amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, tarehe 2 Januari anakimbia kilomita nane na kikundi cha jogingi. Tarehe 3 hawezi kushuka ngazi, na viatu vinarudi kabatini hadi mwaka kesho. Mwili unaomba mwendo wa wastani wa dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunatosha kabisa. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Joto la Dar mwezi wa Januari ni kali, kwa hiyo tembea alfajiri au baada ya magharibi. Na kama unaweza kitu kimoja tu, tembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula chakula cha jioni: misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu wakati ule ule inapoingia.

Mlo unaofuata

Mtu huniuliza, "Nianze Jumatatu?" Hapana. Anza na mlo unaofuata, hata kama ni saa mbili zijazo, na uwe mlo wa kawaida.

Hapa lugha yetu yenyewe inahitaji uangalifu. Mtu akiambiwa hospitalini "ongeza mboga", huenda nyumbani akaongeza nyama, kwa sababu nyumbani kwetu nyama ni mboga, samaki ni mboga, hata maharage ni mboga ya ugali. Nikisema mboga hapa nina maana ya majani na vitu vya bustanini: mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, bamia, biringanya, kabeji. Hizo zijaze nusu ya sahani. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Mbeba zege anahitaji ugali zaidi ya huo na asimwonee haya mtu; sahani hii natupangia sisi tunaokaa kwenye viti.

Ukishaipanga, utagundua kwamba Januari inakusaidia. Wakenya wanaiita Njaanuari, na Watanzania tunajua maana yake bila kufafanuliwa: fedha imeishia kwenye nauli, sadaka na sare za shule. Lakini angalia bei sokoni. Fungu la matembele, kibaba cha maharage na kikombe cha dagaa, vyote kwa pamoja, havifiki bei ya kilo ya nyama. Maembe bado yapo. Chakula cha mwenye mfuko mtupu ndicho hasa mwili unachokiomba baada ya Desemba, nasi tunakila tukisikitika.

Mafuta ya kupikia nayataja peke yake, kwa sababu hayaonekani. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na jikoni kwetu hatumimini kwa kijiko, tunainamisha kidumu. Chukua kalamu, andika kwenye kidumu tarehe uliyokifungua, na kikiisha, andika tarehe uliyoyamaliza mafuta yake. Usibadili kitu mara ya kwanza. Mara ya pili tumia kijiko. Nyumba nyingi hushangaa kidumu kinavyosogea siku kadhaa mbele bila mtu yeyote mezani kulalamika.

Kuhusu soda, sikumpigia mwanangu kelele. Tuliweka jagi la maji ya baridi yenye vipande vya ndimu mahali palepale ilipokuwa ikikaa chupa. Siku tatu alinuna. Ya nne alijimiminia mwenyewe.

Siku ya 66

Je, itachukua muda gani mpaka isiwe kazi? Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga zoea moja dogo, kama kula tunda mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lile lianze kufanyika bila kulifikiria. Wepesi walitumia siku 18. Kwa wagumu makadirio yalifika siku 254. Ukianza tarehe 1 Januari, siku ya 66 inaangukia tarehe 7 Machi. Kwa hiyo, ukifika tarehe 20 Januari ukaona bado unajilazimisha, hujashindwa. Uko njiani.

Waligundua na jambo jingine ambalo ningependa ulikumbuke kuliko namba zote za sura hii: kukosa siku moja hakukubomoa zoea. Ukialikwa harusi Februari ukala pilau sahani mbili, kesho yake asubuhi rudi kwenye viazi vyako vya kuchemsha. Hakuna deni la kulipa.

Chagua zoea moja, si matano. Liambatishe na jambo unalolifanya tayari, kama kunawa mikono, swala, taarifa ya habari ya saa mbili. Kwangu ni kutembea baada ya taarifa ya habari.

Wasiopaswa kusubiri

Niliyoyasema yanamfaa mtu mwenye afya aliyekula na kunywa kupita kiasi. Kuna wengine ambao wanapaswa kwenda kituo cha afya bila kungoja siku kumi:

- Mwenye kisukari anayesikia kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, anatapika au anaona ukungu.
- Mwenye presha anayeumwa kichwa sana, anabanwa kifua, au amekufa ganzi au kulegea upande mmoja. Huyu akimbizwe.
- Mtu ambaye kidole gumba cha mguu kimevimba ghafla usiku, chekundu, hata shuka ikikigusa anaumia. Huenda ni jongo, ugonjwa wa viungo ambao nyama nyingi na bia huuamsha.
- Anayevimba miguu wiki nzima baada ya safari, au anapumua kwa shida akilala.
- Aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miezi. Asiache ghafla akiwa peke yake. Kutetemeka, kuona visivyokuwepo na hata degedege vinaweza kumjia katika siku mbili tatu za kwanza. Aache, ndiyo, lakini chini ya usimamizi wa daktari.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linawahusu wazee tuliowaacha kijijini. Wengi huacha dawa zao za presha na kisukari wakati wa sikukuu. Mzee anasema, "Leo nakunywa mbege na wanangu, dawa nitaanza kesho." Au dawa ziliisha tarehe 27 na hakutaka kuwasumbua watoto waliokuja kupumzika. Sisi tukaondoka na viroba vyetu vya ndizi bila kuuliza.

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, piga simu nyumbani. Muulize mama, muulize baba, kopo la dawa limebaki na vidonge vingapi, na asubuhi ya leo amekunywa saa ngapi. Kama limeisha, mtumie hela ya dawa leo hii.